Jani la Kumpelekea Daktari

Mama Pacha alifika kwenye dirisha la tiketi akiwa amemshika mama mkwe wake mkono kama askari aliyekamata mwizi sokoni. Watu wangefikiri nini, hilo halikumhusu.

"Mmekuja kutembea au mna sherehe?" aliuliza muuza tiketi, binti aliyekuwa anapuliza rangi ya kucha ikauke.

"Tunatafuta jani."

"Jani gani, mama?"

"Tungelijua tusingekuja. Fungua mlango."

Binti aliwatazama kwa zamu, mkwe na mkwewe, akaona hakuna utani katika nyuso zile, akabonyeza kitufe. Kizuizi cha chuma kikazunguka. Bibi alikwama katikati na mkoba wake, Mama Pacha akamvuta, wakaingia.

Bustani ilikuwa ya umma, na fahari yake ilikuwa moja: hakuna mmea wa kigeni humo. Hakuna waridi wala yale maua ya kupanga hotelini. Kila kilichoota humo kilikuwa cha nchi ile tangu enzi, miti ya milimani upande mmoja, vichaka vya nyika upande mwingine, matete bwawani, na chini kabisa, kwenye matuta yaliyojengewa mawe, mimea ya dawa. Kila mmea na kibao chake. Kwa siku ya kawaida pangekuwa pahali pazuri pa kupumzisha macho. Mama Pacha hakuona hata ua moja. Alikuwa anahesabu kona.

Baba Pacha, mumewe, alikuwa amelala kwenye wodi ya wagonjwa mahututi, macho manjano, tumbo limevimba, mikono imefungwa kitandani kwa vitambaa laini ili asing'oe mipira. Jana jioni alimwita mkewe kwa jina la dada yake. Leo asubuhi hakumwita mtu yeyote.

Mambo yalianza kwa upole, kama yanavyoanza mengi ya nyumbani. Baba Pacha alikuwa fundi wa lifti. Kazi yake ilikuwa kuning'inia ndani ya mashimo marefu ya majengo ya watu, na chakula chake alikila saa yoyote lifti ilipomruhusu. Kwa hiyo tumbo lilikuwa linamsumbua, linajaa, linaunguruma, linamkosesha usingizi. Mama Pacha alimwambia aende hospitali. Bibi, mama mzazi wa Baba Pacha, aliyehamia kwao baada ya magoti kugoma, alisema hospitali ya nini, tumbo kama hilo yeye amelitibu maisha yake yote kwa jani moja tu, watoto wake wote wamekua kwa jani hilo. Tatizo ni kwamba jani lenyewe halikuwepo tena. Pale alipozoea kulichuma pamejengwa nyumba za ghorofa.

Hapo ndipo bustani ilipoingia. Jumapili moja Mama Pacha alichoka kuona familia nzima imekodolea macho televisheni, akawazoa wote akawaleta humu, pacha, bibi yao na baba yao. Na huku chini kwenye matuta, Bibi akauona mti wake. Alifurahi mpaka akapiga makofi. Siku chache baadaye alimwomba dereva wa jirani amlete tena, akasema anataka kunyoosha magoti. Alirudi mkoba umetuna.

"Usiniambie umeiba kwenye bustani ya umma," Mama Pacha alimwambia siku ile.

"Nimechuma. Mti wa nchi yangu naibaje?"

Baba Pacha alicheka, akapokea kikombe. Mkewe alimkonyeza akikatae. "Nikikataa nitanuniwa mwaka mzima," alimnong'oneza jikoni. "Bora niugue kwa dawa ya mama kuliko nipone na kinyongo chake." Akanywa, akakunja uso, akamsifu mama yake. Kesho yake akanywa tena. Na kesho kutwa.

Sasa daktari, dada mmoja mwembamba mwenye macho ya mtu asiyelala, alikuwa amewaita asubuhi ile kwenye korido akawaambia bila kuzunguka. "Jina la mmea mlilonipa nimelitafuta. Mmea huo hauharibu ini. Mtu anaweza kuunywa mwezi mzima akaishia kukimbilia choo tu. Huyu amekunywa kitu kingine."

"Amekunywa huohuo," Bibi alisema. "Nimeuchuma kwa mkono wangu."

"Basi mkono wako ulichuma kingine, bibi. Nileteeni chenyewe. Jani, tawi, chochote. Kuna sumu zenye dawa yake na kuna zisizo nayo. Ninayo moja kichwani ambayo sindano yake tunayo hapahapa, lakini sindano hiyo yenyewe si mchezo, nikimpa bure nitammaliza. Nisipojua ni ipi, natibu gizani."

Majani yenyewe hayakuwepo. Makapi alikuwa ameyatupa Mama Pacha mwenyewe, maana hapendi uchafu ulale jikoni mwake, na sufuria akaisugua kwa waya wa chuma mpaka ikamwonyesha sura yake. Gari la taka lilishapita.

Maneno ya daktari aliyaelewa kuliko daktari alivyodhani. Yeye alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia kwenye hoteli, ana stashahada yake, na wasichana aliowafundisha kazi waliijua hotuba yake kwa moyo: doa halitibiwi kabla halijajulikana. Mvinyo, kutu, damu, mafuta ya kujipaka, kila moja lina njia yake, na ukikosea njia unaligandisha kwenye shuka milele. Kwanza niambie kilichomwagika. Kwa hiyo alipotoka kwenye ile korido hakulia. Alimwachia shemeji yake zamu ya kukaa kando ya kitanda, akamkamata mama mkwe, akasimamisha teksi. Alikuwa na kazi, na kazi ikijulikana hufanyika.

"Kaza mwendo, mama."

"Haya magoti si yangu tena, mwanangu. Ni ya kuazima."

"Basi azima na mwendo."

Bibi akajitahidi. Alikuwa amevaa gauni la kutokea na viatu vyake vya heshima, kana kwamba bustani ni ofisi ya mkuu fulani anayekwenda kumwomba kitu. Tangu asubuhi midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti.

Kwenye daraja la mbao juu ya bwawa walikuta njia imezibwa. Bibi harusi alikuwa amesimama katikati, shela limetandazwa daraja zima, bwana harusi amepiga goti, na mpiga picha amelala kifudifudi kama mtu anayewinda.

"Samahani, mama zangu, mtusubiri kidogo," mpiga picha alisema bila kunyanyua jicho. "Tunamalizia."

"Nyinyi mnamalizia, sisi tunaanza. Kunja hilo shela."

"Mama, hii ni siku yao..."

"Naona. Kunja."

Bwana harusi mwenyewe ndiye aliyelikusanya shela mikononi, kwa aibu. Wakapita. Na Bibi, kwa mazoea ya umri wake, hakuweza kumpita bibi harusi kimya. Alimshika shavu. "Hongera, mwanangu. Mkae. Mzeeke pamoja, mpaka..." Bibi harusi alibaki akitabasamu, anasubiri sentensi iishe, haikuisha. Mama Pacha alimvuta mkono mama mkwe wake wakateremka upande wa pili.

"Ungemwacha na harusi yake," alisema.

"Nilitaka tu kumwombea."

"Mwombee mwanao."

Alilisema kavu, na mara tu lilipotoka akajua limeuma. Hakulirudisha. Muda wa kubembelezana ungekuja, kama ungekuja.

Matuta ya dawa yalikuwa mteremkoni, chini ya ukuta wa mawe unaotoa jasho la maji. Ilikuwa siku ya kazi, hapakuwa na watu isipokuwa wanafunzi wa chuo mbali kidogo, wamemzunguka mwanamke mwenye kofia pana. Bibi aliinua kidole kabla hata hawajafika.

"Pale! Nilisema napajua. Kibao kilekile."

Kweli kilikuwa kilekile. Mama Pacha alikikumbuka, cha bati, herufi nyeupe, jina la kienyeji juu na lile jina refu la kitaalamu chini. Jina ndilo hasa walilompa daktari. Alikisoma mara mbili, kisha akainua macho.

Kibao kilikuwa kimesimama kati ya vichaka viwili.

Cha kulia kilikuwa hoi. Kimekwanyuliwa, kimebaki vijiti na majani machache ya juu ambayo mkono haufiki. Cha kushoto kilikuwa kimenawiri, majani yamejaa, kijani kinachong'aa kama kimepakwa mafuta. Ukitazama haraka ungesema ni ndugu, na mmoja tu ndiye aliyelishwa vizuri.

"Mama," alisema Mama Pacha polepole. "Ulichuma wapi?"

"Hapa."

"Hapa wapi? Huku au kule?"

Bibi alimtazama kama anaulizwa swali la mtego. Akaunyoosha mkono kwenye kile kichaka kizuri. "Huku. Kule ningechuma nini, vijiti?"

"Ulijuaje kama kibao ni cha huku?"

"Si wewe ndiye uliyenisomea?"

Mama Pacha alikigeukia tena kibao.

"Miwani nilikuwa nimeiacha nyumbani," Bibi aliendelea, wala si kwa ugomvi, kama mtu anayekumbusha tu. "Nikakuuliza, hapo pameandikwaje. Ukanisomea jina. Nikaruka kwa furaha. Nikasema uko wapi, ukaniambia, huu hapa mama, mti wako, tena umestawi kuliko wewe. Tukacheka. Hata mume wako alicheka. Siku ya kuchuma nikaja palepale uliponionyesha."

Ilikuwa kweli. Aliiona siku ile yote, mkono mmoja umeshika aiskrimu ya mtoto inayochuruzika, mwingine unafuta kidevu cha mwenzake, mawazo yako kwenye foleni ya kurudi nyumbani. Alisoma kibao, akaurusha mkono upande wenye majani. Hakutazama. Mtu akiona kibao na mti mzuri pembeni, anatazama nini zaidi?

Tangu asubuhi alikuwa amembebesha mama mkwe mzigo wote. Ndani ya teksi alikuwa ameshapanga na maneno atakayomwambia siku mambo yakitulia, maneno makali, ya kukumbukwa. Sasa aliyatafuta hayo maneno, hakuyaona.

"Sawa," alisema. "Sawa. Tujue kwanza ni nini."

Akavunja tawi la kichaka cha kushoto. Lilitoa utomvu mweupe.

"Wewe mama! Wewe!" Mfanyakazi mmoja wa bustani, aliyekuwa anavuta mpira wa maji, alipiga kelele kutoka tuta la juu. "Hairuhusiwi kukata! Hamjui kusoma?"

"Tunajua. Ndiyo shida yetu," Mama Pacha alimjibu, akampita na tawi lake mkononi, moja kwa moja mpaka kwa mwanamke mwenye kofia. Wanafunzi waligawanyika kumpisha.

"Wewe ndiye mtaalamu wa humu?"

"Mmoja wao, ndiyo. Kuna..."

"Hiki ni nini?"

Mtaalamu alitazama tawi, kisha akatazama vidole vya Mama Pacha. "Kwanza usijiguse macho. Umelitoa wapi?"

"Pale. Mume wangu amekunywa maji yake."

Mtaalamu hakuuliza tena. Alishika kioo kidogo cha kukuzia kilichoning'inia shingoni kwake, akalichungulia jani chini na juu, akalipekua pale linapoungana na kijiti, halafu akaanza kutembea kwenda kwenye vichaka, haraka, karibu kukimbia. Alipofika alipiga magoti upande wa kushoto kabisa wa kile kichaka kilichonawiri, akafukua majani ya mmea mwingine unaotambaa, akakwangua udongo. Kilitoka kibao. Kilikuwa kimeanguka chali, mmea umekifunika kama shuka. Kilikuwa na jina lingine kabisa, na chini yake alama nyekundu na maneno mawili: SUMU. USIGUSE.

"Kila kibao chetu kinakaa kushoto kwa mmea wake," alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Bustani nzima iko hivyo. Kile cha katikati ni cha kichaka cha kulia. Tumeeleza kwenye ubao mkubwa, getini."

"Mmeeleza getini. Hapa mmeeleza wapi?"

Mtaalamu alikifuta kibao udongo kwa kiganja.

"Na kwa nini vinakaa pamoja? Dawa na sumu, bega kwa bega?"

"Ni vya ukoo mmoja. Tunapanda kwa koo. Na hivi viwili tuliviweka jirani kwa makusudi, ili wanafunzi wajifunze kuvitofautisha. Cha kulia watu wanakichuma kwa siri mpaka kinakaribia kufa, hiki cha kushoto..."

"Hiki hakichumwi na mtu," Mama Pacha alimalizia. "Ndiyo maana kimenona."

"Ndiyo."

"Na mama yangu hapa naye alikuwa mwanafunzi wenu?"

Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita hivyo mbele za watu, mama yangu, bila lile neno mkwe la nyuma. Yeye mwenyewe hakusikia. Bibi alisikia, akainua uso.

"Basi tumelijua!" Bibi alisema, kwa kitu kilichofanana na furaha. "Si tumelijua sasa? Daktari alisema akilijua tu. Mpigie, mwanangu. Mpigie upesi."

Mama Pacha alikuwa ameshapiga. Daktari alipokea palepale. Mtaalamu akachukua simu, akalitaja lile jina refu, akalirudia kwa silabi, akaeleza utomvu, akaeleza jani. Alikuwa anaongea na macho yake yako chini. Mwisho alisema, "Ndiyo. Ndiyo, najua. Nina hakika, daktari. Natamani nisingekuwa nayo." Akamrudishia Mama Pacha simu bila kumtazama.

Mama Pacha alijitenga, akasimama karibu na ukuta wa mawe, mgongo kwa wote.

"Nimeelewa sasa," daktari alisema. "Inalingana na vipimo."

"Vizuri. Mpe dawa yake."

"Mama Pacha."

"Nakusikia."

"Hii ni ile isiyo na dawa."

"Haina kabisa?"

"Haina. Ikishafika kwenye ini hakuna cha kuirudisha, na ilikuwa imeshafika kabla hamjamleta kwangu. Nilikuwa naomba iwe ile nyingine. Sindano nilishaiweka mezani."

"Basi fanya kama ni ile nyingine."

"Haiwezekani, mama."

"Sindano si unayo hapo? Mchome. Jaribu. Mtu anajaribu."

"Itamuumiza tu, na muda wenyewe utampunguzia. Sikufichi." Nyuma yake mashine za wodini zilisikika, zinalia kwa utaratibu wao. "Ini limekwisha na figo zinafuata. Hatateseka, hilo nakuahidi, nitahakikisha. Njooni. Na watoto, kama wanaweza kuja leo, waje. Msingoje kesho."

Mama Pacha alisema asante. Baadaye hangeelewa alikuwa anamshukuru kwa lipi. Alibaki ameishika simu sikioni ingawa daktari alishakata, anatazama maji yakiteremka kwenye jiwe. Maji yalitoka kwenye ufa, yakapita juu ya kuvu, yakaingia kwenye ufa mwingine. Alijaribu kufikiri hatua inayofuata, kwa sababu siku zote kulikuwa na hatua inayofuata. Alitafuta. Kichwa kilikuwa kama chumba kilichohamwa.

Alimfikiria mumewe jikoni, kikombe mkononi, anakunja uso, anamsifu mama yake. Mtu mwenye mikono mizito ya grisi, mwepesi wa moyo, asiyeweza kumkatalia mtu kitu. Majengo mangapi ya mji ule yalipandisha na kuteremsha watu salama kwa sababu yake, na yeye mwenyewe kaangushwa na kikombe. Alimfikiria kwa hasira. Ungekataa, alimwambia moyoni. Ungekataa mara moja tu, ukanuniwa.

"Wamesemaje?" Bibi aliuliza nyuma yake.

Mama Pacha aligeuka. Nyumbani, kazini, mtaani, wote walijua kwamba Mama Pacha hamung'unyi maneno. Msichana akiunguza shati la mgeni anaambiwa ameliunguza. Mtoto akifeli anaambiwa amefeli. Alikuwa anaamini kwamba ukweli ukitolewa haraka unauma mara moja tu. Mama mkwe wake alikuwa amesimama na mkoba kifuani, ameinua kidevu, anangoja kuambiwa sindano imeshachomwa.

"Wamesema twende," Mama Pacha alisema. "Tuwachukue na watoto."

Hakuhitaji kuongeza. Bibi alikuwa amezika mume na ndugu, alijua ni wakati gani hospitali inaita watoto.

Hakupiga kelele. Mkoba ulianguka, ukafunguka, miwani ikatoka. Aligeuka polepole kuelekea kichaka kilichonawiri, na Mama Pacha alidhani anatafuta pa kujishikiza, magoti yamemsaliti. Kumbe siyo. Bibi alikwanyua majani kwa mikono yote miwili, akayasokomeza mdomoni.

"Mama!"

Mtaalamu alipiga yowe. Mwanafunzi mmoja alirudi nyuma badala ya kwenda mbele. Mama Pacha alifika kwanza. Alimkamata taya mama mkwe wake kwa mkono mmoja, kwa nguvu, kama alivyokuwa akiwakamata pacha walipokuwa wanatambaa na kuokota kila kitu sakafuni, akamtia kidole mdomoni. Bibi alikaza meno. Alimng'ata.

"Tema!"

Bibi alitikisa kichwa, machozi yanamtoka, utomvu mweupe kwenye pembe za mdomo.

"Tema, nimesema! Sina nafasi ya wagonjwa wawili!"

"Niache," Bibi alisema kupitia majani. "Niache nimtangulie. Nimemnywesha kwa mkono wangu."

"Na mimi nilikuonyesha kwa mkono wangu. Sasa nile na mimi? Halafu nani apeleke watoto shule? Tema!"

Akatema. Mama Pacha aliukomba mdomo wa yule mzee kwa kidole, chini ya ulimi, ndani ya mashavu, mpaka hapakubaki hata kipande. Yule mfanyakazi wa bustani alikuwa ameshafika na mpira wake wa maji. Walimsukutua mdomo. Maji yakamwagika kwenye gauni la kutokea, kwenye viatu vya heshima. Mtaalamu alikuwa anarudia, "Hajameza, sidhani kama amemeza, mpelekeni aangaliwe," na wanafunzi wake walikuwa wamesimama wima kama vibao.

"Tunakokwenda ndiko wanakoangalia," Mama Pacha alisema.

Alimfuta mama mkwe uso kwa leso, kisha akajifuta damu ya kidole kwa leso hiyohiyo. Akaokota mkoba, akarudisha miwani. Bibi alikuwa ameketi kwenye jiwe la tuta, mikono imelegea mapajani, mdogo kuliko alivyokuwa asubuhi.

"Utanichukia," Bibi alisema.

"Labda."

"Una haki."

"Sijui nina nini, mama. Simama."

"Siwezi."

Na kweli hakuweza. Magoti yalikuwa yamekataa kabisa. Mama Pacha aliinama, akauzungusha mkono wa yule mzee shingoni mwake, akamnyanyua. Alikuwa mzito kuliko alivyoonekana. Mfanyakazi alitaka kusaidia upande wa pili, Mama Pacha akamkatalia kwa kichwa, halafu akabadili mawazo, akamwacha ashike. Wakaanza kuupanda mteremko hivyo, watu watatu upana wa njia nzima, polepole. Nyuma yao mtaalamu alikuwa ameshaanza kukisimamisha kile kibao chenye alama nyekundu, anakipiga kwa jiwe kiingie ardhini, na kila pigo lilisikika mpaka juu.

Walipofika kwenye benchi la kwanza Bibi aliomba apumzike. Mama Pacha alitumia nafasi hiyo kupiga simu shuleni.

Mhudumu wa ofisi alimtambua kwa sauti. "Mama Pacha! Habari za leo? Mgonjwa anaendeleaje?"

"Naomba watoto watolewe darasani. Nakuja kuwachukua sasa hivi."

"Leo wana mtihani wa hesabu, mama. Ndiyo kwanza wameanza. Si wangemalizia tu, uje mchana?"

"Watoe sasa."

Mama Pacha alisikia kelele za watoto wa darasa la chini, wanaimba majina ya siku za wiki.

"Basi nitawaita. Watauliza, unajua walivyo. Niwaambie kuna nini?"

Bibi alikuwa anamtazama kutoka kwenye benchi, macho mekundu, anangoja na yeye kusikia jibu hilo. Mama Pacha alifikiri. Alitafuta neno lililo wazi na la kweli, la kusemwa na mtu mwingine kwa watoto wake wakiwa wamesimama kwenye korido na penseli mkononi. Halikuwepo.

"Waambie wachukue masweta yao," alisema. "Kule wodini kuna baridi."